Picha zaidi ya 400 na wazee wanaozifahamu: tuanze na skana au na kinasa sauti?

MtunzaSanduku

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wanaofahamu kazi ya kuhifadhi historia ya mtaa kwa picha na masimulizi.

Kikundi chetu kimeazimwa picha zaidi ya 400 na kaya 31. Nyingi ni nyeusi na nyeupe, zilizobaki ni za rangi za miaka ya 1970 na 1980. Karibu nusu zimo kwenye zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni ya kufunika juu. Chache zimekaa kwenye fremu hadi zikagandana na kioo. Ipo pia bahasha ya negativu ambayo ukiifungua inanuka siki. Nyuma ya picha nyingi hakuna neno lolote, na wanaoweza kuzitaja sura zilizomo wengi wamevuka miaka 75.

Vifaa ni skana moja ya mezani, simu mbili zenye kamera nzuri, kompyuta na diski moja ya nje. Kaya kadhaa zinataka picha zao zirudi ndani ya wiki moja. Je, tuskani zote kwanza ndipo tuwaendee wazee? Zilizoganda tuzitoeje? Na mazungumzo juu ya picha yaendeshwe vipi ili atakayesikiliza baadaye ajue ni nani anayezungumziwa?

Makavazi_Fundi

Msisubiri skana imalize. Picha iliyolala mahali pakavu inaweza kungoja mwaka mzima, lakini kumbukumbu ya mtu wa miaka 80 haina dhamana hiyo. Piganeni na mambo mawili kwa wakati mmoja: watu wawili washike picha, wawili washike mazungumzo. Kinachounganisha pande hizo mbili ni nambari, kwa hiyo nambari ndiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla hata ya kubandua picha moja.

Kila kaya ipewe nambari yake na kila picha ya kaya hiyo ipewe yake: K017_003 ni picha ya tatu ya kaya ya 17. Wekeni sufuri za mbele tangu mwanzo, la sivyo kompyuta itapanga 10 kabla ya 2 na orodha yote itavurugika. Jina la faili la upande wa mbele liwe K017_003_m, la nyuma K017_003_n. Msiache nafasi tupu ndani ya jina, wala msiandike jina la mtu. Leo mtaambiwa ni fulani, mwezi ujao binti yake atasema ni mdogo wake, na mtajikuta mnabadilisha majina ya mafaili huku rekodi za sauti zinataja la zamani. Majina ya watu yakae kwenye lahajedwali (jedwali la kompyuta kama Excel), mahali yanaporekebishika bila kugusa faili.

Nambari iandikwe nyuma ya picha, pembezoni, kwa penseli laini ya 2B, bila kukandamiza. Lazeni picha kifudifudi juu ya karatasi safi kwenye meza ngumu. Kalamu ya wino isikaribie: wino hupenya, au hujichapa kwenye uso wa picha inayolala juu yake. Picha nyingi za kuanzia miaka ya 1970 zimechapwa kwenye karatasi iliyopakwa plastiki, na penseli huteleza juu yake. Hizo nambari yake iandikwe kwenye bahasha, kabla picha haijaingizwa ndani.

Albamu ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa ikiwa bado nzima. Mpangilio wa kurasa ni ushahidi: picha nne za ukurasa mmoja mara nyingi ni za tukio moja, na mkishazibandua bila kuutunza mpangilio huo hamtaupata tena. Maandishi ya mwenye albamu pembeni ya picha nayo mnayapata hapohapo.

Kuhusu kaya zenye haraka, wapeni stakabadhi yenye idadi ya picha, nambari zake na tarehe ya kurudisha, kisha wekeni picha zao mbele ya foleni. Wiki moja inatosha kabisa kwa picha 15 au 20.

NegativuNaKaratasi

Niongezee upande wa vitu vyenyewe, maana hapo ndipo uharibifu usiorudishika hutokea.

Bahasha ya siki iende kwanza, leo ikiwezekana. Hiyo ni filamu ya asetati inayooza. Inapooza inatoa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuoza kwake yenyewe na kwa filamu zilizo jirani. Itoeni kabisa kwenye chumba chenye picha nyingine, fungueni madirisha, na muiskani kabla haijaanza kujikunja na kutoa mifereji, kwa sababu ikifika hapo tabaka la picha huachana na plastiki yake. Someni pia ukingo wa kila filamu. Palipoandikwa SAFETY si filamu ya nitrati. Zisizo na neno hilo, na hasa za kabla ya miaka ya 1950, huenda ni nitrati, ambayo hushika moto kwa urahisi na kuzimika kwake ni kwa shida. Hiyo haikai nyumbani wala ofisini. Ulizeni taasisi ya nyaraka ya taifa namna ya kuikabidhi.

Negativu za milimita 35 skanini kwa nukta 4000 kwa inchi (kipimo cha undani wa skani) kama skana yenu inazifikia kweli, na kama ina taa ya kuangaza filamu kutoka juu. Skana isiyo na taa hiyo haifai kwa negativu. Zima ile huduma ya kuondoa vumbi kwa miale ya infraredi unaposkani filamu nyeusi na nyeupe: fedha iliyo ndani ya filamu huizuia miale hiyo, na programu huichukulia picha yenyewe kuwa vumbi ikaanza kuifuta.

Albamu za gundi: gundi hiyo huchachuka na kuitia picha umanjano, kwa hiyo kuzitoa ni sahihi, ila si kwa kuvuta kwa vidole. Ukiikunja picha ili ibanduke, tabaka la juu hupasuka mistari isiyofutika. Tumieni uzi wa kusafishia meno, ule usio na nta. Upitisheni nyuma ya picha kwenye kona, kisha uvuteni huku na huku mkiushikiza upande wa ukurasa, si upande wa picha. Picha ikikataa, acheni. Iskanini ikiwa palepale, nailoni ikiwa imefunuliwa, au kateni ukurasa kuizunguka. Kuna wanaoshauri mashine ya kukaushia nywele. Mimi siungi mkono, kwa sababu joto likizidi linaweza kuiharibu picha yenyewe.

Zilizogandana na kioo msizibandue kabisa, wala msiziloweke. Jelatini, lile tabaka la juu lenye picha, imeshajishika kwenye kioo, na mkivuta, sura ya mtu hubaki kwenye kioo, karatasi ikaondoka nyeupe. Toeni fremu na ubao wa nyuma tu, futeni upande wa nje wa kioo kwa kitambaa kikavu, mskani kupitia kioo hichohicho. Sehemu zilizoganda zitaonekana nyeusi zaidi kuliko zisizoganda. Msijaribu kulisawazisha hilo kwenye nakala mama, yaani faili la kwanza la skani lisilorekebishwa.

Kusafisha ni brashi laini sana au pampu ndogo ya mpira ya kupuliza hewa. Maji, spiriti na dawa ya vioo vikae mbali. Yenye kuvu iingie mfuko wake peke yake, ikaushwe mahali penye hewa, na atakayeisafisha afanye hivyo nje akiwa amevaa barakoa.

Kwenye kuhifadhi: klipu za chuma na pini zitoke zote, na mipira ya kufungia pia, kwa kuwa ina salfa inayoshambulia fedha ya kwenye picha. Bahasha ziwe za karatasi isiyo na asidi. Mkichagua plastiki, iwe poliesta, polipropileni au polithini, si PVC ile laini yenye harufu kali. Palipo na unyevu mwingi mimi huchagua karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu ndani na picha zinazong'aa hugandana nayo. Lengo ni unyevu wa hewa wa asilimia 30 hadi 50. Ukizidi 65 kuvu huanza kazi. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, na rafu ya chini iwe juu ya sakafu walau sentimita 15.

Makavazi_Fundi

Mipangilio ya skana sikuitaja. Picha ya kawaida, nukta 600 kwa inchi. Ya pasipoti na zote ndogo kuliko kiganja, 1200. Rangi, biti 24, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Watu wengi huchagua kijivu ili kuokoa nafasi, kisha muhuri wa studio wa bluu, doa la kahawia na wino mwekundu wa nyuma vyote vinakuwa kijivu kimoja. Hifadhini TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha ya sentimita 10 kwa 15 hapo inatoa megabaiti 25 hivi, kwa hiyo pande za mbele za picha 400 ni kama gigabaiti 10. Hiyo si shehena. Upande wa nyuma, kama una maandishi au muhuri, nukta 300 zinatosha.

Zimeni kila kinachojirekebisha chenyewe: kung'arisha, kunoa, kurudisha rangi. Kingo za picha zionekane zote, hata zilizochanika. Marekebisho yafanyike kwenye nakala, na nakala mama isiguswe tena.

Diski moja ya nje haitoshi. Kanuni inayotumika ni nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo. Flashi ni ya kubebea tu. Na picha zikitumwa kwa WhatsApp zitumwe kama hati. Zikitumwa kama picha zinabanwa, na maelezo yaliyofungwa ndani ya faili yanafutika. Zipo kaya zitakazowatumia picha kwa njia hiyo, kwa hiyo waelezeni mapema.

SautiYaMtaa

Mimi nakuja na swali lenu la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Kinasa sauti hakioni kidole. Hilo liandikeni juu ya kila daftari la mhoji. Mzee anapoonyesha akasema "huyu alikuwa mwalimu, na yule pale alioa kwao", ndani ya chumba kila mtu ameelewa, na kwenye rekodi hakuna aliyetajwa. Mhoji anatakiwa kuligeuza kila tendo la kidole kuwa maneno, palepale na kwa upole: "Mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto kwetu tunaotazama, mwenye kofia." Semeni "kushoto kwetu tunaotazama" kila mara, maana wengine huhesabu kwa kushoto kwa aliyepigwa picha.

Kwa picha za kundi, andaeni nakala ya karatasi ya ukubwa wa A4 na muweke nambari ndogo juu ya kila kichwa. Mzee atasema "namba saba", na mambo yamekwisha. Ukubwa huo unasaidia pia macho yaliyochoka. Nakala ya simu inatosha kwa kazi hii, na ndiyo maana hamna haja ya kusubiri skana. Ipigwe dirishani penye kivuli, bila mwako, simu ikiwa sambamba kabisa na picha.

Kila picha ifunguliwe kwa nambari yake, kwa sauti: "Sasa tunatazama K017_003." Halafu nyamazeni. Swali la kwanza liwe "Hapa unaona nini?" na si "Huyu si yule chifu wa zamani?" Ukishalitaja jina, umelipanda, na hutajua tena kama mzee analikumbuka au anakukubalia kwa adabu. Baada ya kuyamaliza ya kwake, ulizeni nani hayupo ambaye angepaswa kuwepo, mpiga picha alikuwa nani na alisimama wapi, kuna nini nyuma yao ambacho leo hakipo, na picha ilikaa kwa nani miaka yote hii. Swali la nani hayupo huleta mengi. Familia zilizogombana, waliokwenda kufanya kazi mbali, wasichana waliozuiwa kupigwa picha: hayo hayaonekani kwenye karatasi.

Msianze na picha lakini. Dakika 30 hadi 40 za mwanzo ziwe za maisha yake bila kitu mkononi, kwa kuwa picha ikitangulia, mazungumzo yote hufuata kilichopigwa picha, na sehemu kubwa ya maisha haikupigwa. Kisha picha 10 hadi 15, si 50. Kikao kikivuka dakika 90 majibu yanafupika na majina yanaanza kuchanganywa. Mwulizeni mapema pia kama yupo mtu asiyetaka kumwona leo. Picha ya marehemu mwanawe isimkute ghafla katikati ya rundo.

Tarehe msiziulize kwa mwaka. Ulizeni kwa alama: kabla au baada ya uhuru, kabla au baada ya kifungua mimba wake kuzaliwa, shule ikiwa ya nyasi au ya bati. Andikeni kipindi pamoja na sababu yake, kwa mfano "kati ya 1968 na 1972, kwa kuwa jengo jipya halijaonekana na mtoto wa pili amebebwa". Mwaka mmoja ulioandikwa bila sababu utanakiliwa na kila mtu na hakuna atakayejua ulitoka wapi.

Kuhusu sauti: WAV (faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya njia moja (mono) ni karibu nusu gigabaiti. Simu inafaa mkipata programu inayorekodi WAV na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, isiguse mkufu wala ukingo wa kanga. Wekeni simu kwenye hali ya ndege. Sauti ya juu kabisa ichezee desibeli 12 chini ya sufuri ya kipimo cha kinasa. Ikigonga sufuri inakwaruza na hakuna programu itakayoirudisha. Zimeni feni na friji, na nyamazeni sekunde 30 mwishoni mkirekodi chumba kitupu, itawasaidia wakati wa kuhariri.

NegativuNaKaratasi

Swali kwa SautiYaMtaa: kwa nini msiwaweke wazee watano pamoja mbele ya picha moja? Hukumbushana, na kazi inakwenda haraka.

SautiYaMtaa

Hukumbushana, na pia hunyamazishana. Mkubwa wa umri au mwenye cheo akishalitaja jina, wadogo zake hawatampinga mbele ya watu. Ndiyo maana mimi nasema mmoja mmoja kwanza, kikao cha pamoja baadaye. Kikao cha pamoja kina thamani yake, hasa kwa majengo, mipaka ya mashamba na mahali palipobadilika, lakini kikitangulia, mtapata jibu moja lenye sauti tano.

Wakitofautiana, msiamue ninyi. Lahajedwali iwe na safu ya jina lililotajwa, aliyelitaja, rekodi na dakika, na kiwango cha uhakika: amejitambua mwenyewe, wawili wamesema bila kusikilizana, au mmoja anakisia. Majina mawili kwa sura moja yakae yote mawili.

Jambo jingine linaloua miradi hii ni uandishi. Saa moja ya sauti huchukua saa sita hadi nane kuandikwa neno kwa neno, na zaidi kama mna lugha mbili. Anzeni na fahirisi: kila dakika tatu hadi tano, sentensi moja au mbili pamoja na nambari za picha zilizotajwa. Ifanyeni ndani ya siku mbili baada ya mahojiano, aliyehoji akiwa bado anakumbuka. Kwa fahirisi hiyo, mtu anayetafuta habari za K017_003 anafika dakika ya 52 moja kwa moja. Maandishi kamili yaje baadaye, kwa lugha aliyoizungumza, bila kumnyoshea maneno.

MtunzaSanduku

Nashukuru sana, wakuu. Mambo mawili yamebaki. Tunataka baadaye kuonyesha baadhi ya picha na sauti mtandaoni. Idhini ya mwenye picha inatosha? Na kaya moja imetuletea kaseti sita za sherehe na mazungumzo ya marehemu babu yao.

Makavazi_Fundi

Haitoshi. Mwenye karatasi si lazima awe mwenye hakimiliki; mara nyingi hakimiliki ni ya mpiga picha au studio. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kima cha chini cha miaka 25 tangu picha itengenezwe, lakini nchi nyingi zimeweka muda mrefu zaidi, mara nyingi uhai wa mpigaji na miaka 50 au 70 baada ya kifo chake. Angalieni sheria ya nchi yenu, na muhuri wa nyuma uandikwe kwenye lahajedwali, kwa sababu ndio utakaowaonyesha pa kuuliza.

Kwa upande wa sauti, tenganisheni ruhusa: kuhifadhi, kusikilizwa palepale kwenye kikundi, kutolewa mtandaoni. Aweze kukubali moja na kukataa nyingine, au kufunga sehemu fulani hadi mwaka atakaoutaja. Elezeni kabla ya kurekodi, sahihi ichukuliwe baada ya kurekodi, kwa kuwa kabla ya hapo hajui atakachokuwa amesema. Asiyesoma arekodiwe akikubali kwa sauti. Na akimtaja mtu aliye hai kwa jambo la aibu, dakika hizo zifungwe hata kama yeye ameruhusu.

SautiYaMtaa

Kaseti: kabla ya kitu chochote, vunjeni vile vijimeno viwili vya plastiki kwenye ukingo wa juu, ili mashine isiweze kurekodi juu yake. Pelekeni mkanda mbele hadi mwisho na kuurudisha mara moja ili ulegee, kwa deki iliyosafishwa kichwa kwa pamba na spiriti safi. Chezeni mara moja tu kwa kasi ya kawaida huku mkirekodi. Kilohezi 96 na biti 24 ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa kanda za namna hii, na 48 kwa biti 24 ndicho cha chini kabisa. Sauti ikitoka hafifu isiyo na makali, kichwa cha deki hakijalingana na kilichorekodi. Kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa, igeuzeni taratibu sana mkisikiliza kwa spika za masikioni hadi herufi "s" zisikike wazi, na mfanye hivyo upya kwa kila kaseti. Kaseti yenye mkanda uliokatika isitupwe: kasha la skrubu hufunguka, na mkanda huhamishiwa kasha jingine. Zipeni nambari za kaya hiyohiyo, mathalani K022_S01, ili babu akitaja harusi iliyo kwenye albamu, muiunganishe na picha yake.